Viungo vya ndani vinapoficha kurasa: kutambua chanzo na kukiondoa

Msimamizi wa tovuti huuliza kwanza kama viungo vya ndani, yaani vile vinavyotoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ndani ya tovuti ileile, viandikwe kwa anwani kamili, kuanzia https hadi mwisho, au kwa njia fupi inayoanza na mkwaju. Swali hilo ni la haki, lakini mara nyingi silo linaloiponza tovuti. Injini za utafutaji husoma namna zote mbili bila shida, kwa kanuni zilezile zinazofuatwa na kivinjari chochote, ambazo zimewekwa katika waraka wa RFC 3986 wa mwaka 2005. Kinachoponza ni tovuti kuuandikia ukurasa wake mmoja anwani tatu au nne, kisha Google kuachiwa kazi ya kukisia ipi ndiyo yenyewe. Kanuni ya kushika ni moja: ukurasa mmoja uwe na anwani moja, na kila kiungo cha ndani kiiandike anwani hiyo herufi kwa herufi.

Kabla ya kugusa chochote, uwe na Search Console, zana ya kuona jinsi Google inavyoisoma tovuti yako, ambayo Google huitoa bure, na uzoee ripoti yake ya kurasa, ripoti ya viungo na sehemu ya kukagua anwani mojamoja. Uwe pia na programu ya kupitia tovuti nzima kama Screaming Frog, ambayo toleo lake la bure hupitia hadi anwani 500, kiasi kinachotosha tovuti nyingi za biashara ndogo, shule na asasi. Kwenye kompyuta yako, amri ya curl -I itakuonyesha seva inajibu nini hasa inapoombwa anwani fulani. Usianze kwa kusakinisha programu-jalizi ukitumaini kwamba itanyoosha mambo, kwa sababu programu-jalizi haiwezi kujua ni anwani ipi uliyoikusudia mpaka wewe mwenyewe uiamue.

Dalili: ukurasa mmoja unaonekana kwenye ripoti kwa anwani kadhaa

Tuseme tovuti ni mfano.co.tz na ukurasa ni wa bei. Ripoti inaonyesha https://www.mfano.co.tz/bei/, kisha https://mfano.co.tz/bei, kisha http://mfano.co.tz/bei/, na mahali fulani pia https://mfano.co.tz/Bei/. Kwa msomaji huo ni ukurasa mmoja, ila kwa injini ya utafutaji hizo ni anwani nne mpaka ithibitishe vinginevyo. Jina la kikoa halijali herufi kubwa wala ndogo, lakini sehemu inayofuata baada ya kikoa inajali. Mkwaju wa mwisho hauna athari pale tu unapofuata jina la kikoa moja kwa moja. Mahali pengine popote, anwani yenye mkwaju na isiyo nao ni anwani mbili tofauti. Tofauti ya herufi kubwa hujificha zaidi pale tovuti inapokaa kwenye seva ya Windows, ambayo kwa kawaida huzikubali zote mbili, na hujitokeza ghafla siku tovuti inapohamishiwa seva ya Linux, ambayo hujibu 404, yaani ukurasa haupo, kwa ile isiyolingana na jina halisi la faili.

Google inapokutana na nakala hizo huzikusanya pamoja na kuchagua moja kuwa anwani rasmi. Katika kuchagua hutazama ishara kadhaa kwa pamoja: anwani zinakoelekezwa na seva, tagi ya rel="canonical" inayotaja anwani rasmi ndani ya ukurasa wenyewe, ramani ya tovuti (faili la sitemap linaloorodhesha anwani zake), kama ukurasa unatumia https, na viungo vya ndani vyenyewe. Tagi hiyo ya canonical ilitangazwa mwaka 2009 na Google, Yahoo na Microsoft kwa pamoja, na tangu hapo wengi wameichukulia kuwa ni amri. Google huichukulia kuwa ni pendekezo. Ikiwa tagi inataja anwani yenye www huku viungo mia mbili vya menyu na makala vikitaja isiyo na www, tovuti inajipinga yenyewe, na ndipo unapoona katika Search Console maelezo kwamba ukurasa ni nakala na kwamba Google imechagua anwani nyingine tofauti na uliyoipendekeza.

Chunguza kwa mpangilio huu. Iombe kila anwani kwa curl -I uone ipi inajibu 200, yaani ukurasa upo, na ipi inajibu 301, yaani umehamia moja kwa moja anwani nyingine. Zikijibu 200 zote, tatizo liko kwenye seva, nawe uamue anwani moja na kuzielekeza nyingine zote kwake kwa 301. Zikiwa tayari zinaelekezwa vizuri, angalia kama viungo vya ndani bado vinataja zile za zamani. Hapa ndipo wengi husimama mapema mno, wakisema kwamba kwa kuwa msomaji anafika, basi yaishe. Msomaji anafika, lakini amezungushwa. Googlebot, roboti ya Google inayosoma kurasa, hufuata hadi hatua 10 za kuelekezwa kisha huacha, na hata hatua moja tu humlazimu mtu mwenye simu ya bei nafuu na mtandao hafifu kusubiri safari ya ziada hadi kwenye seva kila anapobofya. Kiungo kirekebishwe pale kilipoandikwa. 301 ibaki kwa ajili ya viungo vya watu wengine ambavyo huna mamlaka navyo.

Tovuti zilizojengwa kwa WordPress zina chanzo kimoja kinachojirudia. WordPress huhifadhi anwani kamili ndani ya makala, kwa hiyo kiungo ulichokiweka wakati tovuti ikiwa ya http kinabaki hivyo hata baada ya kubadilisha mipangilio. Julai 2018 Chrome ilipoanza kuzitia kurasa zote za http alama kwamba si salama, tovuti nyingi zilihamia https kwa haraka, zikabadilisha mistari miwili ya mipangilio na kuacha makala za miaka yote zikiwa na anwani za zamani. Tiba yake ni amri ya wp search-replace ya WP-CLI, programu ya kuisimamia WordPress kwa amri za maandishi, ukianza na --dry-run ili uone kwanza ni sehemu ngapi zitaguswa, na ukiwa na nakala ya akiba ya hifadhidata. Usibadilishe kwa SQL ya moja kwa moja, kwa sababu baadhi ya mipangilio huhifadhiwa pamoja na idadi ya herufi zake, na ukibadilisha maandishi bila kubadilisha idadi hiyo, mipangilio hiyo haitasomeka tena.

Chanzo kingine cha nakala hutoka kwa watu wa masoko. Mtu anataka kujua ni bango lipi la ukurasa wa mwanzo linabofywa zaidi, hivyo anaongeza mwishoni mwa kiungo cha ndani vigezo vya kufuatilia wageni, utm_source na wenzake. Vigezo hivyo vilikusudiwa kwa viungo vinavyotoka nje, kama barua pepe na matangazo. Vikiwekwa ndani huzaa anwani mpya ya ukurasa uleule, na tena huvuruga kumbukumbu ya mahali mgeni alikotoka hasa. Viondoe, na mibofyo ya bango ihesabiwe kama tukio katika programu yako ya takwimu.

Dalili: anwani zinarefuka bila kikomo

Ukiona kwenye ripoti anwani kama /habari/habari/habari/bei/, usitafute virusi. Karibu kila mara chanzo ni kiungo kilichoandikwa bila mkwaju wa mwanzo. Kiungo cha href="bei/" hakina maana moja, kwani maana yake hutegemea ukurasa kilipo. Kikiwa ndani ya /habari/2024/ kinampeleka msomaji kwenye /habari/2024/bei/. Kikiwa ndani ya /habari/2024, bila mkwaju wa mwisho, kinampeleka kwenye /habari/bei/. Kiungo kimoja, makala moja, matokeo mawili, na tofauti ni alama moja ambayo mwandishi hakuiona. Seva ikiwa imewekwa kujibu 200 kwa anwani yoyote, kila ukurasa mpya wa uongo huzaa mwingine, na roboti hupoteza muda wake humo badala ya kusoma makala zako mpya. Tagi ya base, ambayo hubadilisha mahali viungo vifupi vinapoanzia kuhesabiwa, ikisahaulika kwenye kichwa cha ukurasa huleta uharibifu kama huo, kwa hiyo itafute pia.

Kwa sababu hii nasema bila kusita kwamba namna hiyo ya tatu, njia isiyoanza na mkwaju, isitumike kabisa kwenye tovuti yenye kurasa zaidi ya chache. Zinabaki namna mbili. Njia inayoanza na mkwaju, kama /bei/, inafaa sana kwenye violezo, yaani menyu, kijachini na vijisehemu vinavyotengenezwa na programu, kwa kuwa hufanya kazi sawa kwenye tovuti ya majaribio na kwenye tovuti halisi. Anwani kamili inafaa ndani ya makala zenyewe, kwa sababu makala husafiri: husomwa kwenye programu za milisho, hutumwa kwa barua pepe, na hunakiliwa na tovuti nyingine, na kiungo kamili huendelea kuelekea kwako popote kilipo. Ubaya wake ni kwamba makala iliyoandaliwa kwenye tovuti ya majaribio inaweza kuingia hewani ikiwa na viungo vya kule, hivyo kagua jambo hilo kila baada ya kuhamisha. Kwenye canonical, hreflang (tagi inayounganisha matoleo ya lugha za ukurasa mmoja) na ramani ya tovuti hakuna mjadala: andika anwani kamili kila mara.

Dalili: wageni wanaufikia ukurasa kwa kubofya, lakini Google haiujui

Google inachokitambua kwa uhakika kuwa ni kiungo ni tagi ya a yenye sifa ya href iliyobeba anwani halisi. Kitufe chenye onclick, span iliyopakwa rangi ya buluu, au a yenye href="#" ambayo JavaScript huikamata na kumhamisha msomaji, vyote humfikisha mtu, lakini roboti hupita bila kuona njia. Fungua ukurasa kwenye sehemu ya ukaguzi wa anwani ya Search Console, utazame HTML baada ya JavaScript kufanya kazi, na utafute href ya ukurasa uliopotea. Isipokuwepo hapo, umepata chanzo.

Jambo hili hujitokeza kwa sura nyingi. Orodha inayoongezeka kwa kitufe cha kupakia zaidi hubaki imefungwa, kwa sababu Googlebot habofyi vitufe wala hasogezi ukurasa kama mtu. Kisanduku cha kuchagua mkoa ambacho humpeleka mteja kwenye ukurasa wa Mwanza au wa Mbeya baada ya kuchagua, nacho hakihesabiki kuwa kiungo. Weka pembeni yake orodha ya kawaida ya viungo vya mikoa hiyo. Tovuti zinazobadilisha maudhui kwa alama ya reli, kama /#/bei, huonekana kwa Google kama ukurasa mmoja tu, kwa kuwa kinachofuata alama hiyo kwa kawaida hupuuzwa. Kulikuwa na utaratibu maalumu wa alama #! ambao Google iliupendekeza mwaka 2009, lakini iliacha kuupendekeza mwaka 2015, kwa hiyo mafunzo ya zamani yanayoutaja yasikupoteze.

Kagua pia toleo la simu. Mwaka 2023 Google ilikamilisha kuhamia kwenye utaratibu wa kuisoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu, na maana yake ni kwamba kiungo kilichopo kwenye menyu ya kompyuta lakini kikaondolewa kwenye ya simu ili kubana nafasi, kwa Google ni kama hakipo. Kiungo cha picha kinahitaji maandishi ya alt, yaani maelezo ya picha yaliyoandikwa kwenye msimbo, kwani hayo ndiyo yanayosomwa kama maneno ya kiungo hicho.

Dalili: kurasa za Kiingereza zinapatikana, za Kiswahili hazipatikani

Hili naliwekea uzito kuliko mengine yote, kwa sababu linawanyima wasomaji wetu vitu ambavyo tayari vimeandikwa kwa ajili yao. Taasisi imelipa mfasiri, makala za Kiswahili zipo na zimehaririwa vizuri, lakini mtu akitafuta kwa Kiswahili hazioni. Mwenye tovuti hudhani kwamba Google haijali Kiswahili. Mara nyingi kosa liko kwenye namna lugha zilivyounganishwa.

Chanzo cha kwanza ni kitufe cha lugha kisichobadilisha anwani. Msomaji anabofya Kiswahili, tovuti inaweka kidakuzi (kumbukumbu ndogo kwenye kivinjari chake), na anwani ileile, tuseme /huduma/, inaonyesha maandishi mengine. Googlebot haibebi vidakuzi kutoka ukurasa hadi ukurasa, kwa hiyo kila mara inapofika hupewa lugha ya msingi, ambayo kwa kawaida ni Kiingereza. Makala ya Kiswahili haina anwani yake, na kisicho na anwani hakiwezi kuwekwa kwenye faharasa, yaani orodha ya kurasa ambazo Google huzionyesha kwenye matokeo. Jaribu hivi: fungua dirisha la faragha, bandika anwani ya ukurasa wa Kiswahili, na uone unapata lugha gani. Ukipata Kiingereza, kila lugha ipewe njia yake, kwa mfano /sw/huduma/ na /en/services/, na kitufe cha lugha kiwe kiungo cha kawaida chenye href.

Chanzo cha pili ni kumhamisha mgeni kwa nguvu kulingana na nchi aliyopo au lugha ya kivinjari chake. Sehemu kubwa ya maombi ya Googlebot hutoka kwenye anwani za Marekani, na kwa kawaida hayabebi taarifa ya lugha inayopendelewa. Tovuti inayomfukuza kila anayetoka Marekani kwenda /en/ inamfukuza pia roboti, na Mtanzania au Mkenya anayeishi Minneapolis anayetaka kusoma Kiswahili anafukuzwa pamoja naye. Mpendekezee mgeni lugha kwa ukanda mdogo juu ya ukurasa wenye viungo viwili, kisha umwachie achague.

Chanzo cha tatu hakionekani kirahisi: canonical ya ukurasa wa Kiswahili inataja ukurasa wa Kiingereza. Hutokea pale kiolezo kinaponakiliwa bila sehemu hiyo kubadilishwa, na kwa Google ni sawa na kusema kwamba ukurasa wa Kiswahili ni nakala isiyohitajika. Kila ukurasa wa lugha ujitaje wenyewe katika canonical. Uhusiano kati ya lugha huelezwa na hreflang, ambayo hutumia msimbo sw, au sw-TZ na sw-KE ikiwa kweli una matoleo mawili yanayotofautiana kwa bei au huduma. Anwani zake lazima ziwe kamili pamoja na https, na lazima kurasa zitajane pande zote. Ukurasa wa Kiswahili ukiutaja wa Kiingereza bila wa Kiingereza kuutaja wa Kiswahili, Google inaweza kulipuuza tamko hilo.

Mwisho katika sehemu hii, pitia viungo vilivyo ndani ya makala za Kiswahili. Mfasiri hupewa maandishi na kuyafasiri, lakini viungo hubaki vilevile, vikielekea /en/. Msomaji anaanza kwa Kiswahili na kutupwa kwenye Kiingereza katika mbofyo wa pili, na kurasa za Kiswahili zilizo ndani zaidi zinabaki bila kiungo hata kimoja. Katika Screaming Frog chuja viungo vinavyotoka /sw/ kwenda /en/. Vinavyokubalika ni vile vya kitufe cha lugha na vile vya nyaraka ambazo kweli hazina tafsiri.

Dalili: ukurasa uko kwenye faharasa, lakini haupandi

Soma maneno ya viungo vinavyouelekea. Vikiwa vyote vinasema bofya hapa au soma zaidi, Google haijaambiwa ukurasa unahusu nini, na wala msomaji asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini hajaambiwa. Andika jambo lenyewe, kama bei ya mbolea ya kukuzia au ratiba ya boti za Zanzibar. Huna haja ya kurudia maneno yaleyale katika kila kiungo. Sentensi ikibaki ya kawaida inatosha.

Kisha tafuta nofollow, sifa inayoiambia Google isikihesabu kiungo, kwenye viungo vya ndani. Sifa hiyo ilianzishwa mwaka 2005 kupambana na taka kwenye maoni ya blogu, lakini baadaye wengine wakaitumia ndani ya tovuti zao wakiamini kwamba wataelekeza nguvu yote kwenye kurasa chache wanazozitaka. Mwaka 2009 Matt Cutts wa Google alieleza kwamba mgawo wa nguvu wa kiungo chenye nofollow haugawiwi tena kwa vilivyobaki, bali hupotea tu, na mwaka 2019 Google ilitangaza kwamba itaichukulia kuwa ni kidokezo. Kwa viungo vya ndani haina faida, iondoe.

Angalia pia ukurasa uko mbofyo wa ngapi kutoka mwanzo. Hesabu ya PageRank, ambayo Larry Page na Sergey Brin waliieleza mwaka 1998, ilijengwa juu ya wazo kwamba viungo hupokezana uzito, na ukurasa usio na kiungo chochote cha ndani haupokezwi chochote kutoka kwenye tovuti yake. Kuutaja kwenye ramani ya tovuti huufanya ujulikane, lakini hakuupi nafasi ya viungo. Ikiwa makala za zamani zimegawanywa katika kurasa za 1, 2, 3 na kuendelea, kila moja iwe na canonical yake yenyewe, isielekezwe kwenye ukurasa wa 1, na ziunganishwe kwa viungo vya kawaida; tagi za rel="next" na rel="prev" Google ilieleza mwaka 2019 kwamba haizitumii tena.

Baada ya matengenezo, pitia tovuti nzima upya kwa programu ileile na utafute jambo moja: kiungo cha ndani chochote kinachojibiwa kitu kisicho 200. Orodha hiyo iwe tupu. Omba uthibitisho katika Search Console kwa kila tatizo ulilolishughulikia, na usibadilishe uamuzi wako kabla ripoti haijatulia, kwa sababu Google huzirudia kurasa kwa nyakati tofauti, na zile zisizosasishwa mara kwa mara huchelewa kurudiwa. Ukibadilisha tena katikati unaongeza safu mpya ya anwani juu ya zile ambazo bado hazijasafishwa. Maelekezo ya 301 yaache yakifanya kazi kwa mwaka mmoja au zaidi, kama Google inavyoshauri, hata pale ripoti zinapoonyesha kwamba hakuna anayezipitia tena anwani za zamani.